Kartamu ya Uani

Sikuipanda mimi. Njiwa wa Eliufoo ndio walioipanda,
au tuseme waliimwaga, wakipokonyana chakula juu ya ukuta,
na mbegu moja, nyeupe kama jino la mtoto, ikadondokea upande wangu
penye jivu la jiko na maji ya vyombo.

Masika yalikuwa yanaaga.
Wiki tano ililala kifudifudi, majani yamebandikwa chini,
kama mtu anayesikiliza kitu ardhini.
Eliufoo akachungulia: "Jirani, ng'oa mbigiri huo,
utawachoma wajukuu."
Nikasema nitang'oa. Nikasema kesho.
Unazijua kesho zangu, Anaeli.

Ikasimama. Ikatoa shina gumu, na mwiba kila ncha ya jani.
Udongo wetu huu, ukilowa unanyang'anya kandambili,
ukikauka unafunguka nyufa kama kisigino;
mtaa hawakuuita Pasua bure.
Mahindi yangu yalinyauka Juni.
Huyu hakuomba hata kikombe.

Bwana shamba wa kata, yule kijana Msuya, alizima pikipiki akacheka.
"Mama, hii kartamu. Mzizi wake unashuka kuliko urefu wako.
Usiinyweshe. Maji mengi ndiyo yatakayoiua."
Nikatua ndoo.
Nilikuwa nimezoea kuhudumia kinachotaka maji kila saa,
kijiko baada ya kijiko, hadi jogoo la pili.

Mbuzi wa Mama Naetwe walikuja, wakanusa,
wakapiga chafya, wakaenda zao.

Agosti vichwa vikapasuka.
Manjano kwanza, ya kiini cha yai la kienyeji,
siku ya tatu papai bivu,
kisha, ua likianza kusinyaa, kutu ya bati.
Hapo nikaenda kabatini kutoa glavu zako za kiwanda cha ngozi.
Bado zinanuka chumvi na chokaa.
Kidole cha shahada, mkono wa kulia, kina tundu.

Unachuma alfajiri, umande ukiwa umeilainisha miba.
Mlima? Watu wananiambia asubuhi zile ulitakata ajabu.
Sikuuona. Nilikuwa nimeinama.
Na mwiba, katika glavu nzima, ukalitafuta lile tundu
ukalipata.
Nilitamka neno ambalo mchungaji asilisikie.

Mavuno: kopo moja la kahawa, tena halikujaa.

Bi Zuwena, anayeuza magadi na ukwaju soko la Mbuyuni, ndiye aliyenifunza.
"Manjano yake ni ya kumwaga," alisema.
"Osha, kamua, mwaga. Osha, kamua, mwaga,
mpaka uone umebaki na makapi na ujinga wako.
Ndipo utie magadi."

Mabeseni saba niliyamwagia migomba.
Mkono unauma kumwaga rangi.
Makapi yakabaki mepesi kama majani ya chai ya jana.
Nikatia magadi: maji yakawa ya kahawia, machafu,
nikajua nimeharibu.
Nikakamua ndimu.

Povu.
Halafu, Anaeli, sijui niseme nini,
wekundu ukapanda kutoka pale nilipodhani pameisha.

Shuka jeupe la pamba nilikuwa nalo moja tu.
Unalijua. Lina muhuri wa Mawenzi pembeni; hatukulirudisha.
Miezi kumi na moja nilikuwa nikilikunja,
nikilikunjua, nikilikunja.
Nikalizamisha.

Halikutoka jekundu. Limetoka waridi, tena kwa mabaka,
limekolea pale nilipolifinya sana,
na muhuri bado unasomeka ukiliinua juani.

Liko kambani sasa. Lilishakauka, sijalianua.
Eliufoo amepanda juu ya tofali,
anauliza mbegu za lile ua ni bei gani.
Nimemwambia akawaulize njiwa wake.